Muhuri wa Tawi la Saluni

Wahenga hawakuwahi kugombea uenyekiti wa chama chochote, lakini waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni kana kwamba walikuwa wakimtazama meya mmoja machoni. Maana ya methali hii ni kwamba anayetamani kitu kilicho mbali na mkono wake hana budi kukubali usumbufu wa kukifikia, hata kama mgongo wake haujazoea kupinda. Na mgongo wa meya huyo, ambaye watu walimwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake, ulikuwa umenyooka kama mlingoti wa bendera.

Kipaza alipendwa, tena si mapenzi ya kununuliwa. Aliifufua hospitali iliyokuwa imekata roho, na mitaa iliyokuwa giza totoro aliitia taa. Akipita sokoni, wauza mboga waliacha mizani wakampungia mikono. Basi mwenyekiti wa chama chake alipotangaza kustaafu, mji mzima ulimtaka Kipaza agombee. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, naibu mwenyekiti, mtu mkimya aliyekusudia kuyafunga matawi madogo yote ili makao makuu yaamue kila kitu. Jambo hilo lilimkereketa Kipaza maini, akachukua fomu siku ileile.

Fomu ilikuwa na sharti moja. Ilipaswa kupigwa muhuri na tawi la nyumbani kwa mgombea, katika kikao halali, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Kipaza akamtuma msaidizi wake. Msaidizi akarudi na fomu kama alivyoondoka nayo.

"Mama Muhuri amekataa, mheshimiwa. Anasema tawi lao halipigi muhuri kwa tarishi."

Mama Muhuri alikuwa msusi aliyeshika ukatibu wa tawi, na saluni yake ndiyo ilikuwa ofisi.

"Msusi!" Kipaza alifoka alipofika nyumbani. "Mimi niliyejaza uwanja wa mpira juzi, nizuiwe na msusi?"

Mkewe, mwalimu, alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Uwanja ulijaa, mume wangu, lakini wangapi pale wana kadi ya chama? Wewe ulikuwa mwandishi wa tawi lile. Umekanyaga pale lini mara ya mwisho?"

Kipaza akahesabu kimoyomoyo. Miaka sita.

"Na redioni uliwaitaje?"

Hapo uso ulimshuka. Aliwahi kusema kwamba vikao vya matawi ni vijiwe vya kusinzia. Watu walicheka, naye akasahau. Lakini aliyechekwa hasahau.

"Kwa hiyo nisigombee?"

"Gombea! Nani mwingine wa kumzuia yule naibu? Ila nenda kwa miguu yako, na huo umeya uuache mlangoni."

Jumatano alasiri akaenda. Wanachama saba walikuwa wameenea katika viti vyote vya saluni, kikabaki kimoja tu, chini ya mashine ya kukaushia nywele. Ili akae, Kipaza alilazimika kukunja shingo.

"Karibu, mwanachama," alisema Mama Muhuri, mikono yake ikiendelea kusuka. "Ajenda ni nne: mtaro, viti, ugonjwa wa mke wa seremala, na mengineyo. Wewe uko kwenye mengineyo. Mwandishi wetu leo hayupo. Nani ataandika?"

Macho yote yakamgeukia.

"Lete daftari," alisema Kipaza.

Akaandika mpaka vidole vikamwuma. Ajenda ya kwanza ilikuwa mtaro ulioziba nyuma ya shule. Tawi lilikuwa limepeleka barua tatu. Kwa mkono wake mwenyewe akaandika: *Ofisi ya meya haikujibu.* Aliona haya, haya ya kweli, kiasi kwamba kalamu ilisimama.

Zamu ya mengineyo ilipofika, aliinuka haraka, akagonga kichwa kwenye mashine, ngo! Saluni nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo uwanja wa mpira haukuwahi kuisikia:

"Nilisema mnasinzia. Kumbe aliyesinzia ni mimi. Nisameheni, ndugu zangu. Mtaro utazibuliwa kesho, mnipe muhuri msinipe."

Mama Muhuri aliacha kusuka. "Ukishinda, utarudi hapa?"

"Nitarudi."

"Basi liandike hilo nalo."

Akaliandika. Mikono saba ikapanda juu, na muhuri ukashuka kwa kishindo hata vitana vikaruka mezani.

Tangu siku hiyo Kipaza hakuitisha mkutano wa uwanjani. Alizunguka matawi, moja baada ya jingine, akakaa kwenye mabenchi, akasikiliza habari za mitaro. Siku ya kura, naibu aliangushwa vibaya, na hakuna tawi lililofungwa.

Jumatano iliyofuata, mwenyekiti mpya wa chama aliingia saluni peke yake.

"Karibu, mwanachama," alisema Mama Muhuri bila kuacha kusuka. "Ajenda ni tatu. Wewe uko kwenye mengineyo."

Mwenyekiti akatabasamu, akakunja shingo, akaketi chini ya mashine na kufungua daftari. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.