Chungu cha Mvua cha Mlima Kirengwe

Zamani! Mbona mmenyamaza? Nikisema zamani, nanyi semeni tupo. Zamani! Haya, hivyo ndivyo. Endeleeni kuchambua kunde, masikio hayahitaji vidole.

Zamani za kale, kale ile aliyosimuliwa bibi yangu na bibi yake, palikuwa na mlima uitwao Kirengwe. Mlima mrefu, mlima mpana, umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Uso wake ulielekea mashariki, kule mbali iliko bahari, na watu wa upande huo waliitwa Wausoni. Mgongoni mwake, kunakotua jua, walikaa Wakisogoni. Usoni mvua ilinyesha, ikanyesha, ikanyesha tena, mpaka vigoda vikaota uyoga. Kisogoni jua liliwaka, likawaka, likawaka tena, mpaka mbuzi wakalamba mawe ya mto. Mlima mmoja, wajukuu zangu! Mmoja tu!

Kwa nini? Wewe Chedi, kwa nini zako zitakuotesha mvi. Ngoja.

Basi binti mmoja wa Usoni, jina lake Nakiete, akaolewa Kisogoni na mchunga mbuzi. Mumewe alimpenda, naye Nakiete hakuiogopa njaa ya kule. Kilichompa shida ni baba mkwe wake, Mzee Mshigheni. La, hakuwa mtu mbaya. Ni mila. Kisogoni baba mkwe na mkamwana hawakusemeshana, wala hawakutajana majina. Mzee akiwa na kiu alikiambia kigoda: "Ewe kigoda, mwambie mwenye jiko nina kiu." Naye Nakiete alikijibu kinu: "Ewe kinu, mwambie mzee maji yako njiani."

Mnacheka? Chekeni. Ndiyo iliyokuwa heshima yao. Na alipozaliwa mtoto, Sengo, kigoda na kinu vikapumzika, maneno yote yakapitia kwa mtoto. Mzee alimpakata mjukuu akamwambia, "Sengo, mwambie mama yako mboga ya leo ilikuwa tamu." Nakiete, nyuma ya mlango, alitabasamu peke yake.

Sasa, kiangazi kilikuwa kimeanza hata kabla Nakiete hajaolewa. Masika ya kwanza yakapita makavu. Ya pili yakapita makavu. Ya tatu, hata umande haukuonekana. Mkuu wa baraza, Kirumbe, mtu wa maneno makali, akaita watu wote.

"Kila siku tunaliona wingu," akasema. "Linafika pale kileleni, linatuchungulia, halafu linatoweka! Linaingia wapi? Wausoni wamezika chungu kule juu. Wanatufungia mvua!"

"Kweli!" watu wakasema. "Kweli kabisa!"

Macho yote yakamgeukia Nakiete, maana mtu wa Usoni pale alikuwa yeye peke yake.

"Mkamwana," akasema Kirumbe, "una siku saba. Tuletee chungu cha kwenu. Usipokileta, rudi kwa baba yako. Na mtoto atabaki, mtoto ni wa ukoo wetu."

Sengo hakuwa ameota hata jino moja. Nakiete alimkaza kifuani. Mumewe alikuwa mbali na mbuzi, akitafuta majani, safari ya siku kumi. Nani angemtetea?

Mzee Mshigheni akasimama, akaiambia fimbo yake, "Ewe fimbo, waambie wazee kwamba neno la mkamwana peke yake hawatalipokea. Nitapanda naye nikawe shahidi."

Wakaondoka alfajiri. Nakiete mbele, mtoto mgongoni, mzee nyuma. Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Chini jasho liliwatiririka. Katikati wakaanza kutafuta jua badala ya kivuli. Juu zaidi, mzee akajifunga shuka mpaka masikioni. Maana juu ni baridi, wajukuu zangu, hata kama unalikaribia jua.

"Sengo," mzee akaita, "mwambie mama yako apunguze mwendo, magoti ya babu yako yanalalamika."

"Sengo, mwambie babu kimebaki kiazi kimoja, akile yeye."

"Sengo, mwambie mama yako anayenyonyesha ndiye anayekula."

Kile kiazi kilikwenda na kurudi mara tatu. Mwisho wakakikata vipande viwili, wakala wamepeana migongo.

Siku ya tatu wakafika kileleni. Wakainua mawe. Hakuna chungu. Wakapekua mizizi. Hakuna chungu. Nakiete alizaliwa Usoni, na maisha yake yote hakuwahi kusikia habari za chungu hicho. Lakini mtu aliyetishiwa kunyang'anywa mtoto hutafuta hata kisichokuwepo. Ukungu ukapanda kutoka Usoni ukawafunika, naye akaendelea kupapasa mbele huku analia. "Kiko wapi? Kiko wapi? Nitarudi na nini?"

"Nakiete! Simama!"

Akasimama, mguu mmoja hewani. Jiwe likateleza chini ya kisigino chake, likaanguka. Likaanguka, likaanguka, na kishindo chake kikachelewa sana kufika masikioni. Mbele yake palikuwa na genge, mwamba uliokatika wima.

Akarudi nyuma taratibu, akaketi. Mzee naye akaketi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Nimekutaja," mzee akasema mwishowe.

"Umenitaja, baba."

"Ningemwambia Sengo akwambie, ungekuwa umeshafika chini."

Nakiete akacheka na machozi yakimtoka. Mzee akacheka pia, kisha akajifuta macho na pembe ya shuka. Miaka miwili katika nyumba moja, na hilo ndilo neno la kwanza kati yao.

Akamshusha mtoto mgongoni ampashe moto. Sengo akapiga miayo, na mdomoni mwake kikatoka kiwingu kidogo cheupe. Kikaelea, kikapotea.

"Baba, tazama mdomo wa mtoto!"

Mzee akapumua, haaa, kiwingu. Nakiete akapumua, haaa, kiwingu.

"Mbona kule nyumbani pumzi zetu hazionekani?" mzee akauliza.

"Nyumbani kuna joto." Nakiete akafikiri. Akaugeuzia uso upepo uliotoka baharini, ukamlowesha mashavu. "Baba, na huu upepo si pumzi ya bahari? Unakuja na maji ndani yake, huko chini hayaonekani. Ukifika hapa mlima unaukatia njia, unalazimika kupanda kama tulivyopanda sisi. Unakutana na baridi. Pumzi inakuwa wingu, wingu linakuwa mvua, mvua inatua yote kwetu Usoni."

Wakageuka kutazama Kisogoni. Ukungu ulivuka ukingo wa mlima, ukaanza kuteremka, na ulivyoteremkia kwenye joto ndivyo ulivyoyeyuka mbele ya macho yao.

"Unatufikia umeshatua mzigo," mzee akasema polepole. "Basi mwizi wetu ni nani?"

"Hakuna mwizi, baba. Mlima umelala njiani."

Wakaanza kushuka. Penye pengo la mlima, chini kidogo ya kilele, mzee akasikia kijito kikikimbilia Usoni. Akakitazama kwa muda mrefu, akapima kwa fimbo yake. "Wingu haliwezi kuvuka na maji," akasema. "Je, mfereji?"

Siku ya saba baraza likajaa. Kirumbe akauliza, "Chungu kiko wapi?"

Nakiete alisimama pembeni, mikono mitupu, mtoto mgongoni. Mzee Mshigheni akaingia katikati. Hakuitazama fimbo. Hakukitazama kigoda.

"Nakiete, mwanangu," akasema mbele ya watu wote, "njoo uketi karibu nami."

Eee! Baraza likaguna. "Mzee amevunja mwiko!"

"Nimeuvunja," akasema, "na ningekaa kimya, leo ningewaletea maiti mbili. Chungu hakuna. Kirumbe, panda mwenyewe, usichukue jembe wala mkuki. Fika juu upumue tu, halafu urudi utuambie umeona nini. Na mpaka utakaporudi, mtoto huyu hatoki mgongoni mwa mama yake."

Kirumbe akapanda akiwa na hasira. Akarudi akiwa mpole. Watu wakamuuliza, "Umeona nini?" Akajibu, "Nimeona pumzi yangu." Akamwendea Nakiete akamwomba radhi, na kwa mtu kama yule haikuwa kazi ndogo.

Nakiete akaenda kwa baba yake Usoni kuomba kijito. Wausoni walikuwa na maji mpaka yanawachosha, wakakubali. Wakachimba mfereji pande zote mbili, kiangazi kimoja, viangazi viwili, wakakutana penye lile pengo. Siku maji yalipoingia Kisogoni, Sengo alikuwa anakimbia, ndiye aliyeyafuata mbele huku akipiga kelele.

Mvua haikuongezeka Kisogoni, msinielewe vibaya. Mlima uko palepale. Lakini tangu siku ile, bibi harusi akiletwa kule, baba mkwe humpeleka mferejini, humtekea maji ya kwanza kwa mkono wake, na humwita kwa jina lake.

Basi jueni hili, wajukuu zangu: mwenzako akiwa na mvua nawe huna, kabla ya kumwita mwizi, panda kwanza uone kilicholala njiani. Na anayehitaji kuitwa kwa jina, mwiteni mapema, msingoje genge.

Kisa changu nilikichota kwa bibi, nimekimimina kwenu. Mkikimwaga shauri yenu. Haya, leteni hizo kunde. Mwachieni mama yenu jiko, mkamwana wangu nitamwita mwenyewe. Naomi, mwanangu! Njoo uzipokee.