Kiti Hiki Kina Mtu?

Wapendwa, ninyi mliokaa pale karibu na mlango kana kwamba mna basi la kuwahi, sogeeni mbele kidogo. Leo nina habari ya safari.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali, nyumba imebaki kimya. Jioni anapika, anakula peke yake, anaosha sahani moja. Aliposikia kuna hija ya miguu kwenda kwenye kisima cha maji ya baraka, akasema, "Nami nakwenda. Nina ombi moja tu: Mungu anipe mtu wa kunipigia hodi."

Basi wakaondoka, wanaimba, wamevaa vitenge vya sare. Siku ya pili malengelenge yakampasuka kisiginoni. Wenzake wa parokiani wakampita, "Pole mama, tutakutana mbele!" Mbele wapi, jamani? Akakaa kando ya barabara, machozi yanamtoka.

Akatokea mwanamke wa parokia nyingine, mwembamba, maneno mengi. Akakitazama kile kisigino. "Mh! Na viatu vya harusini umekuja navyo hija? Lete mguu hapa." Akachana kipande cha kanga yake, akamfunga.

"Wewe tangulia tu," mjane akamwambia, "mimi nitakuchelewesha."

"Nikimbilie wapi? Kwani Mungu anahama?"

Kuanzia hapo wakaenda sambamba, polepole. Walikula muhogo mmoja, walilala kwenye mkeka mmoja, walicheka mpaka wakanyamazishwa. Waliitana "mwenzangu", wakaona inatosha.

Wakafika. Mjane akapiga magoti, akatoa ombi lake kwa machozi. Baada ya misa, foleni ya kisimani ilikuwa ndefu. Yule rafiki akasema, "Nipe chupa yako nikujazie. Wewe na mguu huo huwezi kusimama. Panda basi la kurudi, nishikie kiti."

Mjane akapanda, akapata kiti cha dirishani, akaweka mkoba kwenye kile cha pembeni. Basi likajaa. Dereva anapiga honi. Watu waliosimama wanautumbulia macho ule mkoba. Baba mmoja akauliza, "Mama, kiti hiki kina mtu?"

Akachungulia nje. Mwenzake haonekani. Akaona aibu kubishana, na kusema kweli alitaka kufika nyumbani. Akauchukua mkoba, akaupakata.

"Hakina."

Basi likaondoka.

Miezi ikapita. Siku moja akaenda kwa padre wake, amenuna. "Padre, Mungu hakunisikia. Nimetembea na kidonda, nimeomba, na mpaka leo hakuna aliyekuja kupiga hodi kwangu."

Padre akamuuliza, "Maji ya kisima ulileta? Uliniahidi."

"Chupa yangu ilibaki kwa mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

Hapo ndipo mama akazinduka. Hakumjua jina, hakujua kwao. Akalia kilio ambacho hakukilia hata pale barabarani.

Wapendwa, Mungu hakumsikia? Alimjibu kabla hajafika kisimani! Jibu lilimfunga kisigino, likalala naye mkeka mmoja, likaenda kumpangia foleni. Naye akalikana kwa sababu ya honi ya basi.

Tusimcheke. Sisi je? Tukiwa na msiba tunashikana mikono, tunakesha pamoja, tunaitana ndugu. Shida ikipita, kila mtu anakimbilia dirisha lake. Halafu tunarudi hapa kumlalamikia Mungu kwamba tuko wapweke. Inauma, lakini ndivyo tulivyo.

Mimi humfikiria sana yule mwanamke mwembamba. Alitoka kisimani na chupa mbili zimejaa, akasimama pale basi lilipokuwa, anaangaza huku na huku. Huenda chupa moja anayo hadi leo, na hajui mlango wa kuipeleka.

Sasa geuka, mtazame aliye pembeni yako. Mmekaa benchi hilo pamoja miaka mingapi? Unamjua jina? Unajua anakoishi? Usiniitikie mimi. Muulize yeye, sasa hivi. Nawasubiri.