Joho la Sultani Ghanimu na Mke wa Fundi

Hapo zamani, siku ambazo milango ilifungwa kwa komeo la mti na jirani alijua mwenzake amepika nini, palikuwa na Sultani akiitwa Ghanimu, mtawala wa mji mmoja uliokuwa bondeni. Moyo wake ulikuwa mwema, ila mwili ulikuwa umemzidi nguvu. Wala hakuwa mvivu. Kazi zake hazikuwa na mwisho: alfajiri wajumbe, mchana kesi za mipaka na mbuzi, jioni barua. Na kwa kuwa hakupata nafasi ya kukaa akala kama watu, alikula huku akiamua. Sinia la haluwa liliwekwa ubavuni pake tangu asubuhi, na muhuri wa ufalme aliupiga kwa mkono wa kushoto, kwani wa kulia ulikuwa kazini.

Basi ikawa binti yake, Raya, amechumbiwa, na harusi imewekwa mbaazi zikishavunwa. Na ilikuwa ada ya jumba lile kwamba Sultani humwoza binti yake akiwa amevaa joho la mababu, limefungwa kwa kifungo chake cha dhahabu kifuani. Joho hilo halikatwi wala haliongezwi uzi. Tena likitoka sandukuni kwenda kwa fundi, halirudi mikononi mwa mtu. Hurudi limevaliwa na Sultani mwenyewe, limefungwa.

Lakini Sultani alipolijaribu joho halikufunga, na kutafuta kupungua alikuwa amekwisha kuhangaika. Tabibu mmoja alimnywesha haluli mpaka siku nzima akaamua kesi kwa kupiga kelele kutoka chooni. Mwingine alimfungia chumbani kwa maji na ndimu tu. Akatoka amekonda, macho yamemtumbukia, watu wakampongeza, na jua halijachwa alikwisha kumwita mpishi. Mwezi ulipoandama, unene ule uliokuwa umeondoka ulirudi, tena ulirudi na jamaa zake.

Ndipo joho likapelekwa kwa Vuai, fundi wa kushona aliyekaa juu ya Kilima cha Mbaazi, huko wakaako watu wasio na kitu. Vuai akaligeuza ndani na nje, akashuka mpaka barazani kwa Sultani, akainama.

“Bwana wangu,” akasema, “joho ni zima. Halina upungufu.”

“Kama joho halina upungufu, ni nani mwenye ziada?” akauliza Sultani.

Vuai akanyamaza, na ukimya wake ukasikika mpaka nje. Sultani akaona haya, na haya ya mkubwa aghalabu huwa hasira. Akaamuru fundi atiwe gerezani, akaapa kwamba siku ya harusi joho lisipofunga, Vuai atatolewa katika mji pamoja na mkewe na watoto, wasikanyage tena.

Mke wa Vuai aliitwa Mize, na mji mzima ulimhesabu kuwa punguani. Siku moja jirani alimwomba amtazamie chungu cha uji, Mize akakaa akakitazama mpaka uji ukafurika ukazima moto. Alipoulizwa, alijibu, “Uliniambia nitazame, hukuniambia niepue.” Watu walicheka, wala hakuna aliyekumbuka kwamba jirani yule alikuwa na desturi ya kumwachia Mize kazi zake zote, na kwamba tangu siku ile hakumwachia tena.

Habari ya mumewe ilipomfikia, Mize alikaa kizingitini, mtoto mchanga kifuani, na Kidawa, binti yake mdogo, akiuliza baba atarudi kula saa ngapi. Akamtazama mtoto yule, akayatazama yale mawe matatu ya jiko ambayo Vuai aliyapanga kwa mikono yake siku walipohamia, akaona hawezi kuyaacha. Akamfunga mchanga mgongoni, akashuka mpaka jumbani kwa Sultani.

Walinzi wakamruhusu kwa kutaka kucheka. Sultani akamtazama. “Wewe ndiye Mize asiye na akili?”

“Ndimi, bwana wangu. Ningalikuwa nazo ningalikaa nyumbani.”

Barazani watu wakacheka, na Sultani mwenyewe akatabasamu kidogo. Mize akasema kwamba yeye atalifanya joho lifunge. Sultani akaona hapa pana mchezo, akaweka masharti yake mbele ya watu wote.

“Usiliguse joho kwa mkasi wala kwa sindano. Usinifungishe saumu, usininyime chakula, usininyweshe dawa. Wala usinitoe katika kazi yangu hata siku moja, maana sina nafasi.”

Mize akayarudia masharti moja moja, kama mtoto arudiavyo kile alichotumwa dukani. Kisha akasema, “Nimekubali. Nami ninalo langu moja. Nguo hupimwa mwilini, bwana wangu. Niahidi kwamba utapimwa kila siku mpaka joho lifunge.”

Sultani akaliona jambo dogo, akaapa kwa kaburi la baba yake.

“Basi kesho nakungoja nyumbani,” akasema Mize.

“Nyumbani wapi?”

“Kilimani. Joho liko huko, na ada ya jumba lako ni kwamba halirudi mikononi mwa mtu.”

Sultani akamtazama waziri wake, Kombo, mtu mwembamba kama ufito. Waziri akatazama dari. Kiapo kilikwisha kutoka, na kiapo cha mfalme hakimezwi.

Asubuhi yake wakataka kumpandisha kwa machela, lakini njia ya kilima ilikuwa ngazi za mawe, nyembamba hata watu wawili hawapishani. Wakamleta punda mweupe. Punda alipomwona Sultani anakuja, akajilaza. Basi Sultani akashika bakora akapanda kwa miguu. Na kwa kuwa hakutaka kesi zilale, wenye kesi wakamfuata nyuma.

Hapo ndipo jambo likatokea ambalo hakuna aliyelitazamia. Alikuwapo mzee mmoja aliyegombania mbuzi na jirani yake, naye kila akisimama barazani alianza na habari za babu wa babu yake, mpaka watu husinzia. Siku ile alianza vilevile chini ya kilima. Penye kona ya kwanza alikuwa amefika kwa baba yake. Penye kona ya pili akashika kiuno, akahema, akasema, “Bwana wangu, mbuzi ni wake.” Na kesi ikaisha.

Sultani alifika juu amelowa kama aliyeoga na nguo. Kidawa akamtazama kwa makini.

“Babu,” akauliza, “mbona unapumua kama mvukuto wa mhunzi?”

Mize akamvisha joho, na kati ya upindo na upindo palibaki shubiri mbili nzima. Akaandaa chakula: mbaazi za nazi, mchicha, muhogo wa kuchemsha, na samaki mmoja aliyetakiwa kuwatosha wote. Sultani akangoja aletewe sinia lake, akaona halipo jingine.

“Kula, bwana wangu,” akasema Mize, “nimekatazwa kukunyima. Ila hapa kwetu mwenye mkono mrefu humsogezea mwenye mkono mfupi.”

Sultani akaukunjua mkono wake kumwelekea samaki, na mkono huo ulikuwa mrefu kuliko yote. Ng'ambo ya sinia Kidawa alikuwa amekaa ameyakunja magoti, hasemi, anamtazama samaki tu. Mkono wa Sultani ukasimama. Akaumega mnofu ulionona, akauweka upande wa mtoto. Mize aliliona hilo, akageuza uso kama anayemrekebisha mchanga nguo, kwa sababu wema wa kwanza wa mtu ukitazamwa sana huona haya ukakimbia.

Ikawa hivyo siku zikafuatana. Kidawa alikuwa na maswali mengi, na Sultani hakuweza kumjibu akiwa na tonge mdomoni. Basi alikula polepole, na tumbo, ambalo siku zote lilikuwa halipewi nafasi ya kusema, likapata nafasi ya kusema limeshiba. Alikula mpaka akatosheka na hakuna aliyemzuia. Na sinia la haluwa kule barazani likabaki likingoja, mpaka sisimizi wakalivumbua kabla yake.

Lakini moyo wa mtu haukosi hila. Asubuhi moja ya mvua Sultani akaona uvivu, akamtuma Waziri Kombo akapimwe kwa niaba yake. Mize akampokea kwa heshima, akamvisha joho, akalifunga kifungo cha dhahabu kifuani. Joho likamkaa waziri kama ganda la ndizi, tena mabegani likapwaya kidogo.

“Joho limefunga,” akasema Mize. “Mwambie bwana wangu asiendelee kusumbuka. Siku ya harusi nitamvisha aliyepimwa.”

Waziri akashuka ameshika kichwa. Wanasema mvua ilikuwa haijakatika Sultani alipoonekana akipanda kilima peke yake, kanzu ameishika mkononi, na hakuna aliyepata kumwona akienda upesi vile.

Mbaazi zikatoa maua, zikafunga, na ile nafasi ya kifuani ikawa shubiri moja, kisha vidole vinne. Mize kila siku alipeleka chakula gerezani, na siku moja alimkuta Vuai amekalia jamvi jipya. Mlinzi hakutaka kusema limetoka kwa nani. Mize akaliinamia, akasikia harufu ya udi wa jumbani. Hakumwambia mumewe, ila usiku ule alilala vizuri kidogo.

Kisha wakaja wakwe kutoka mji wa bwana harusi, na Sultani akawafanyia karamu ya biriani na sambusa na kila kitu. Akasahau hata kiapo chake, hakupanda kilima mpaka wageni walipoondoka. Alipovaa joho, vidole vinne vilikuwa vimerudi kuwa shubiri. Akaketi kizingitini, bakora miguuni, mtu mzima aliyekaribia kulia. Akasema yote yamepotea, afadhali amwite yule tabibu wa ndimu amfungie tena, maana harusi i karibu na yeye hana nafasi ya kuanza upya.

Mize moyoni aliogopa kuliko yeye, kwa kuwa aliyaona mawe yake matatu ya jiko yakibaki bila mwenyewe. Hata hivyo hakumlaumu. Alimletea maji ya mtungini, akangoja anywe.

“Bwana wangu,” akasema, “mtu akijikwaa katikati ya kilima harudi bondeni akaanze upya. Huinuka pale pale alipoangukia. Wewe leo umepanda, na samaki yuko jikoni.”

Sultani akanawa mikono, akasogea kwenye sinia.

Asubuhi ya harusi mji mzima ulijaa chini ya kilima. Sultani akapanda na waziri wake. Alipita penye kona ya pili akizungumza, na waliohema walikuwa wengine. Mize akamvisha joho. Akakishika kifungo cha dhahabu, akakivuta, kikaingia mahali pake bila kelele.

Sultani akajitazama. Akashusha pumzi, joho likakaa. Akapandisha pumzi, likakaa. Ndipo uso wake ukabadilika.

“Ewe mwanamke,” akasema, “umeliongeza uzi.”

Mize akasema hakuliongeza. Sultani akashika lake: joho lile lile lilikuwa limemkataa siku zote hizi, iweje leo likubali? Mtu aliyevunja ada ya mababu hukumu yake anaijua. Kidawa akaja kumshika mama yake upindo wa kanga.

“Bwana wangu,” akasema Mize, “mvishe waziri.”

Wakamvisha Kombo, wakalifunga. Joho likamkaa vilevile kama siku ile ya mvua, na mabegani likapwaya kidogo, kile kile kidogo. Waziri akageuka huku na huku, akakohoa.

“Joho halijabadilika, bwana wangu,” akasema taratibu. “Nami sijabadilika.”

Akanyamaza, na ukimya ule ulikuwa ndugu wa ukimya wa Vuai. Ila safari hii Sultani hakukasirika. Aliitazama mikono yake, akaitazama njia aliyoipanda, kisha akamtazama Mize.

“Uliniambia nisiliguse joho kwa mkasi wala kwa sindano,” akasema Mize, “nami sikuligusa. Hukuniambia nisimguse mwenye joho.”

Sultani akacheka. Alicheka mpaka akamshika waziri bega, na alipovikwa joho tena akazidi kucheka, akakishika kifungo kwa hofu kisije kikakatika. Na kifungo hakikukatika. Akashuka limefungwa kifuani, na kabla ya kufika penye ngoma alipitia gerezani, akaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

“Fundi,” akamwambia Vuai, “ulinyamaza ili usiniaibishe, nami nikakufunga. Nisamehe.”

Harusi ilipokwisha, akataka kuwapa nyumba ya mawe karibu na jumba lake, yenye kisima uani. Vuai akamtazama mkewe. Mize akashukuru, akasema kisima wangekipenda, lakini wakishuka wao bondeni, nani atampandisha bwana kilimani? Akaomba apewe sinia kubwa zaidi, maana lao limekuwa dogo tangu alipoingia mwenye mkono mrefu, na sasa baba mtoto amerudi.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa tena na kiapo. Joho limerudi sandukuni na hakuna aliyemngoja Sultani popote. Mize alikuwa akikoroga mbaazi, Vuai ametunga uzi sindanoni, waliposikia bakora ikigonga mawe, na nyuma yake yule mzee wa mbuzi, mwenye kesi mpya, akianza habari za babu wa babu yake.

Kidawa hakuuliza ni nani. Alijivuta kwenye mkeka, akapisha nafasi.

Na hekaya yangu imefika kizingitini. Aliyeshiba amsogezee mwenzake.