Mizizi Juu ya Paa la Kifaru

Kaeni vizuri, na wewe acha kumfinya mwenzako, maana hadithi hii siirudii. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaezeka nyumba na kualikana harusi, Digidigi alikaa na mwanawe mmoja kwenye nchi ya magadi. Mnaijua ardhi ya namna hiyo: nyeupe, kavu, ukiilamba inauma ulimi. Hapakuota kitu pale isipokuwa nyasi za aina moja, ngumu, zenye ncha kali. Wenyewe waliziita nyasi za chumvi.

Digidigi aliishi kwa nyasi hizo. Alfajiri alilamba umande uliokuwa juu yake, na mwingine akaukung'utia kwenye kibuyu. Mbegu alizisaga, akampikia mtoto uji. Majani alisukia mkeka na kuezekea kibanda, na mchwa hawakuligusa paa lile kwa sababu ya chumvi. Alikata kwa mundu, juu juu, shina akaliacha, nazo zikachipua tena.

Siku moja akaja jirani yake, Mzee Kifaru. Alikuwa anamwoza binti yake, amejenga nyumba kubwa ya kupokelea wakwe, na mchwa walikuwa wameshamlia mapaa mawili. Akasema anazitaka nyasi zote. Digidigi akamwambia achukue tu, ila akate, asing'oe.

"Mimi, na mwili huu, niiname kukata jani moja moja?" Kifaru akacheka. "Nitang'oa, mwanangu. Na nikizimaliza nikakukuta bado uko hapa, nitakung'oa na wewe."

Digidigi aliogopa, siwafichi. Miguu yake ni vijiti tu, angepigana na nani? Na nyasi zikiisha, mtoto wake atakula nini? Akafikiri, halafu akapiga magoti kwa adabu.

"Basi Mzee, hizi za kwangu ni fupi, zitakuaibisha mbele ya wakwe. Anza na zile zilizo mashariki ya kisima chako. Ndizo ndefu."

Kifaru alipenda kusikia habari ya wakwe. Akaenda mashariki, akang'oa, nyofo, nyofo, na mizizi yake na udongo wake. Digidigi mwenyewe alimsaidia kufunga matita. Jioni nyumba ilikuwa imeshaezekwa, mizizi inaning'inia kama ndevu za mbuzi, na Kifaru anaizunguka akijisifu.

Sasa sikilizeni. Digidigi alijua jambo moja ambalo Kifaru hajawahi kulitia maanani: pale kwao, upepo wa alasiri hutoka mashariki.

Kesho yake ukaja. Vuuu! Magadi hayakuwa na kitu cha kuyashika tena, yakainuka kama unga. Yakamwagika kisimani, yakaingia kwenye masufuria ya harusi na machoni mwa bibi harusi. Kifaru akanywa maji, akayatema. Akajaribu tena, akayatema. Wageni walikuwa njiani, na hapakuwa na hata kikombe kimoja cha kuwapa.

Kule kibandani Digidigi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Yeye alikuwa na umande wake.

Bado anacheka, akatokea Kanga mlangoni, jirani yao mwingine, vifaranga nyuma yake wamekauka midomo, mdogo kabisa amembeba mgongoni. Kanga na watoto wake waliteka maji kisima kile kile, tangu zamani, kwa ruhusa ya Kifaru. Alimtazama Digidigi bila kupandisha sauti.

"Jana nilikuona unafunga matita, dada. Wewe unaujua upepo kuliko sisi sote. Sasa sisi tulikukosea nini?"

Kicheko kikakatika. Digidigi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya utazame miguu yako. Akawapa vifaranga kibuyu chote cha umande, kisha akaenda kwa Kifaru. Alimkuta amekaa chini, mzee mzima, analia.

"Mzee, ile mizizi ndiyo iliyokuwa imeyashika magadi," akamwambia. "Nilijua, nikanyamaza."

Kifaru alimtazama sana. Angeweza kumkanyaga, na pale yangeishia. Mwishowe akasema, "Uliniambia nikate. Nilikusikia vizuri tu. Nilifanya uvivu."

"Basi uvivu wako ndio utakaotusaidia. Mizizi bado iko juu ya paa."

Wakalishusha paa lote. Kifaru akachimba kwa pembe, Digidigi akapanda na kushindilia kwa kwato, na mashina mengi yakashika. Harusi ikafungwa nyumba haina paa, wakwe wanaungua jua, maji yameletwa kutoka mto wa mbali. Na tangu siku hiyo Kifaru hukata nyasi kwa mundu. Akiinama tu, utasikia mgongo unalia ko, ko.

Lakini kisima kilichelewa kupona. Kanga hakungoja, alikuwa na watoto wa kunywesha. Alihama nao, wala hakuaga. Kila alfajiri Digidigi huweka kibuyu cha umande mlangoni, labda siku moja watapita.

Yangu yameishia hapo, na la kubeba ni hili: ukitaka kumtega mkubwa, tazama kwanza ni nani mwingine anayekunywa naye kisima kimoja.