Pimbi na Kibanda cha Mwisho Kesho

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kibanda, mlango wa gunia!

Ndani mna nini?

Giza na jasho!

Na mbele kabisa?

Runinga ya Fisi!

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma acha kutafuna, Fisi atasikia.

Hapo kale, si kale sana, Fisi alifungua kibanda cha sinema porini. Runinga aliipata wapi? Msiniulize mimi, kamuulizeni aliyeibiwa. Kiingilio kilikuwa chakula. Fisi hakuchagua; anayekula hata ngozi ya ngoma atachagua nini?

Wanyama walikwenda, maana sinema ni tamu. Lakini Fisi alikuwa na tabia yake. Steringi, yule shujaa wa sinema, akishazingirwa na adui, akishafungwa kamba, bunduki ikishamwelekea kifuani, Fisi anabonyeza kitufe: pa! Giza.

"Mwisho kesho!" anasema. "Na mje na chakula."

Kesho yake wanakuja na chakula. Fisi anaweka mkanda mwingine. Steringi anazingirwa, anafungwa kamba, bunduki inamwelekea kifuani: pa! "Mwisho kesho!" Mwaka ukaisha, hakuna mnyama aliyeona mwisho hata mmoja. Kobe ndiye aliyepunjika kuliko wote. Yeye hata mwanzo hakuwahi kuuona, kwa sababu kila akifika wenzake wanatoka.

Sasa alikuwapo Pimbi, yule mdogo wa majabalini asiye na mkia. Pimbi hakuwa mtu wa sinema. Alikwenda mara mojamoja tu, jua likichoma mwamba wake au mvua ikimkuta njiani. Lakini mdomo alikuwa nao! Akitoka anapanda jiwe lake, anaichambua sinema mpaka mifupa, na mwisho anautunga mwenyewe, bure. Wanyama wakaanza kukipita kibanda na kwenda jiweni moja kwa moja. Kibandani wakabaki nzi. Fisi akalala njaa, na Fisi akilala njaa, mwenye nyama ajihadhari.

Siku moja mvua ya mawe ikawakuta wanyama porini. Wote wakakimbilia kibandani, na Pimbi akiwamo. Kufumba na kufumbua, Fisi kawasha runinga, kaziba mlango kwa mwili wake mzima.

"Pimbi!"

"Abee, Bwana Fisi."

"Umeniharibia biashara. Leo, mbele ya hawa wote, utasema sinema zangu za mwaka huu zote nzuri. Ukikataa nakutafuna, nakuanzia mkiani."

"Mkia sina, Bwana."

"Basi nitaanzia kichwani!"

Moyo wa Pimbi ukadunda: du, du, du. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akisifia, wenzake watamlisha Fisi mpaka wakonde. Akiponda, jioni haioni. Akaanza polepole, ili apate nafasi ya kufikiri.

"Ile ya mzimu, Bwana. Mzimu ana saa mkononi. Mtu amekwishakufa, anawahi wapi?"

Wanyama wakacheka: kwa, kwa, kwa! Mate ya Fisi yakadondoka: to, to, to.

"Ile ya mapacha waliopoteana sokoni. Wanaimba mvuani, mimi nimesinzia, nimeamka, bado wanaimba, na nywele zao kavu!"

Kwa, kwa, kwa! To, to, to.

"Ile ya ngumi. Adui wote wamemzunguka steringi, lakini wanamwendea mmoja mmoja, kama wako foleni kisimani. Steringi anapigwa, anapigwa, anapigwa..."

Hapo Pimbi akakatiza. Akili imemjia. Akawageukia wenzake.

"Jamani, katika mikanda yote ile, nani anakula wenzake wakikosa?"

"Adui!"

"Nani anacheka ha-ha-ha bila kichekesho?"

Fisi, aliyekuwa anacheka, akafunga mdomo.

"Adui!"

"Nani anamwonea mdogo mbele za watu?"

"Aduiii!"

"Na adui mwishoni huwaje?"

Nyati akanoa pembe nguzoni: kwaru, kwaru. "Mwisho hatujauona," akasema, "lakini tunakisia."

Fisi akapayuka. "Mimi si adui! Mimi ni steringi!"

"Hata mimi nasema," Pimbi akajibu kwa adabu. "Sura unayo, kifua unacho. Ila steringi gani hajapigwa? Steringi hupigwa kwanza, na harudishi. Mwisho ukifika ndipo anainuka, anafuta damu kwa kidole gumba, anawamaliza wote peke yake. Na steringi hafi."

"Hafi?"

"Hafi!" wakaitikia wote. Hilo hata mtoto wa mgongoni analijua.

Fisi akawatazama. Nyati yule, Punda yule, Ngiri yule. Awamalize wote peke yake? Nyama yote ile? Tamaa ikamtoa mlangoni.

"Nipigeni!"

Punda akarusha teke: paa!

"Mwisho tayari?"

"Bado, Bwana. Majina ndiyo kwanza yanapita."

Ngiri akaja kwa meno: kwachu!

"Mwisho tayari?"

"Bado. Hata mwalimu wako hajauawa."

Nyati akaja kwa pembe: buuu! Fisi akagonga paa, akarudi chini.

"Mwi... mwisho tayari?"

"Karibu, karibu."

Gunia likafunuka. Kobe huyo, kalowa chapachapa. "Jamani, nimechelewa?"

"Leo umewahi, mjomba. Jihudumie."

Kobe akauma mguu wa nyuma, na Kobe akiuma haachii upesi.

Fisi akainuka akiyumba. Akafuta damu kwa kidole gumba, vilevile kama kwenye mkanda. Akanguruma, "Sasa ndio mwisho! Nawamaliza!"

Pimbi akabonyeza kitufe cha runinga: pa! Giza.

"Mwisho kesho!"

"Mwisho keshooo!" kibanda kizima kikaitikia.

"Na uje na chakula," Kobe akamalizia.

Fisi akatoka na gunia shingoni. Mpaka leo anachechemea, na jua likizama mnamsikia: "Uuu-wi? Uuu-wi?" Anauliza kama kesho imefika.

Wanyama wakarudisha mkanda. Steringi akakata kamba! Akapiga adui! Akaoa! Waliruka, walikumbatiana, Kobe alilia machozi ya furaha. Wakambeba Pimbi juujuu, mvua yote ile.

"Haya sema, dada, mwisho vipi?"

"Si mbaya," akasema Pimbi. "Ila wangu ulikuwa mtamu zaidi."

Funzo ni hili, watoto: ukienda kwenye sinema ya mtu, sifia kila kitu, funga mdomo, wala usiguse kitufe kisicho chako. Mdomo huponza kichwa. Mtazameni Pimbi: maskini, tangu siku ile analazimishwa kukaa kiti cha mbele.

Hadithi yangu imekwisha. Tena imekwisha leo, si kesho.