Moshi wa Wakili Marceli

Anayemtegea mwenzake mtego asisahau mahali alipoutega, maana miguu yake nayo hupita njia ile ile. Wakili Marceli Wrzosek wa kijiji cha Olszynka, nchini Poland, alikuwa na akili kali kama wembe, lakini hilo lilimpita.

Aliingia katika siasa kwa kumng'oa diwani Genowefa Pluta. Sheria ilitaka diwani aishi katika eneo analoliwakilisha, na mama huyo alikuwa amekaa majira mawili ya baridi mjini Lublin akimlea mjukuu mgonjwa. Marceli aliliandikia baraza barua ya kurasa nne. Majirani wakathibitisha kwamba nyumba ya Genowefa haikutoa moshi Januari nzima.

"Bomba la moshi halina chama," Marceli aliwaambia madiwani. "Asiyelala hapa asikalie kiti cha hapa."

"Nilikuwa na mtoto mgonjwa, Bwana Wakili."

"Sheria haina mjukuu, mama."

Genowefa akavuliwa udiwani. Marceli akagombea kiti hicho, akakipata, na haukupita muda akawa mwenyekiti wa baraza. Chama kikaanza kumtaja kwa ubunge. Warszawa, mji mkuu lilipo bunge, ikawa pua na mdomo.

Lakini mkewe alichoshwa na matope ya Olszynka. Wakahamia Lublin kimyakimya. Kwa kuwa Marceli alijua ushahidi hutoka wapi, alimpa jirani yake Bronek ufunguo, awashe jiko kila jioni. Moshi ukapanda, watu wakaridhika.

Tarehe kumi na sita Januari, sikukuu ya Mtakatifu Marceli, somo yake, siku ambayo huko mtu husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, simu ililia akiwa mezani Lublin.

"Mwenyekiti, wamekuja," Bronek alinong'ona.

"Nani?"

"Kijiji kizima! Wana maua, wana keki, wana vodka. Leo si siku ya jina lako?"

Kijiko kilimponyoka Marceli. Olszynka watu huja siku ya jina la mtu bila kualikwa; nani angekosa kwa mwenyekiti, na bomba lake linafuka?

"Waambie nimelala."

"Saa kumi na moja jioni? Wamenikuta kwenye kiti chako, nimevaa ndara zako! Mama Genowefa ananiuliza harusi yetu, mimi na wewe, ilikuwa lini."

Nyuma ya sauti ya Bronek kulisikika kicheko, kisha sahani zikipangwa. Walikuwa wakikata keki bila yeye.

Mwezi uliofuata baraza lilisomewa barua ya kurasa nne. Marceli alisimama akadai kwamba barua hiyo haina nguvu kisheria.

"Ni yako, Bwana Wakili," Genowefa alisema kutoka viti vya wageni. "Nimebadilisha jina tu."

"Lakini nyumba yangu ilitoa moshi!"

"Wa Bronek."

Madiwani kumi na mmoja kati ya kumi na watano waliinua mikono kumvua udiwani. Kabla ya wiki kwisha, chama kilikuwa kimempata mgombea ubunge mwingine. Marceli alikusanya karatasi zake, akatoka bila kumtazama mtu. Hakuwa na wa kumlaumu: mchimba kisima huingia mwenyewe.