Zege Linyweshwalo

Zege linyweshwalo halioti, hubeba. Methali hiyo mmeisikia leo kwa mwalimu wenu, mkaja kuniuliza ilikotoka. Niliyaona mambo haya kwa macho yangu, nami nitawaeleza yalivyokuwa. Ilianza hivi.

Nilikuwa nasoma masomo ya jioni katika chuo kimoja huku kwetu Mbeya, pamoja na mama mmoja aitwaye Tupokigwe. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye miaka arobaini na sita, na kila kipindi alikianza kwa sala. Alitaka cheti cha kidato cha nne. Hesabu ilikuwa imemwangusha mara mbili. Siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani ilipofika, alikuja na barua ya kuacha masomo.

Mwalimu hakuwepo darasani. Alikuwa amewapeleka wanafunzi kuliona jengo jipya la chuo, ambalo lilikuwa bado linajengwa. Tupokigwe akaniomba nimsindikize ampelekee barua hukohuko.

Ghorofa ya pili tulimkuta kibarua mmoja mzee, Lwitiko, akimwagilia maji sakafu iliyofunikwa magunia. Mwenzangu, aliyezaliwa kwenye mashamba ya viazi, hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo.

"Baba," akamwambia, "huo mchicha wako utaota lini?"

Vibarua wakacheka. Mzee naye akacheka kidogo, bila kuacha kazi yake.

"Zege halioti, mwanangu. Hubeba."

Akaeleza kwamba zege likikosa maji siku za mwanzo hukauka upesi, lakini haliwi na nguvu ya kubeba uzito. Siku ya tatu ukilikanyaga unaona limekuwa jiwe, nawe unajidanganya. Hiyo ilikuwa siku yake ya kumi na moja ya kumwagilia, asubuhi na jioni.

Tupokigwe hakucheka tena. "Na leo unaona tofauti gani na jana?"

"Sioni."

"Sasa unajuaje kwamba kazi inakwenda?"

"Fundi mkuu akija huniuliza kama nimemwagilia. Hajawahi kuniuliza nimeona nini."

Kisha akatuonyesha ngazi mbili za kupandia juu. Ya kwanza aliimwagilia mwenyewe. Ya pili ilimwagwa zege alipokuwa msibani kwao Tukuyu, na aliyeachiwa kazi alimwagilia siku mbili, akaona hakuna kinachobadilika, akaacha. Kwa macho zilifanana kabisa. Mzee akampa Tupokigwe msumari. Alipoikwaruza ya kwanza, msumari uliteleza. Alipoikwaruza ya pili, vumbi likamwagika kama unga wa dona, akaendelea kukwaruza mpaka shimo likaingia kidole. Ngazi hiyo ilikuwa ivunjwe kesho yake.

Tupokigwe alibaki na msumari mkononi, midomo ikimchezacheza. Nilijua anasali.

Mwalimu aliposhuka na wanafunzi, aliiona barua mkononi mwa Tupokigwe, akauliza ni ya nani. Nikadhani atampa. Tupokigwe akaikunja mara nne na kuishindilia mfukoni.

"Mwalimu, naomba fomu ya mtihani," akasema. "Na kama una muda kesho, naomba unianzishie hesabu kutoka mwanzo kabisa. Zile za watoto."

"Utachoka, mama."

"Nitachoka. Ila nitakuja."

Akaja. Njiani aliniambia kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akimwomba Mungu amwonyeshe kama anasonga mbele. Tangu siku ya zile ngazi alimwomba nguvu za kurudi kesho tu. Kila jioni alifanya maswali kumi, mengi akayakosa, akayarudia. Mwenzetu mmoja alipomuuliza kwa dhihaka kama hesabu imeanza kuchipua kichwani, alimjibu kwa maneno ya yule mzee, akaongeza na lake moja: "linyweshwalo." Darasa zima likaanza kuyatumia. Yakatoka chuoni, yakaingia makanisani na sokoni, mpaka leo yamewafikia ninyi, ambao hamkumjua yeyote kati yao.

Matokeo yalipotoka, hesabu alipata D, alama ya chini lakini ya kufaulu. Wapo wanaoionea aibu herufi hiyo. Yeye aliisoma akiwa amesimama, na cheti akakipata.

Basi mkifanya jambo jema kila siku na msione dalili yoyote, msiende kutafuta jani. Mwagilieni. Zege linyweshwalo halioti, hubeba.